Kisanduku Chenye Taa ya Buluu

Pioneer, Eldoret
Jumapili, baada ya chai ya saa kumi na moja

Simiyu mwanangu,

Nimefunga duka mapema leo. Wateja wawili nimewarudisha nyumbani na ndevu zao, na mmoja ameondoka amenuna. Mwache anune. Kesho asubuhi unakwenda Nyeri kusomea upimaji wa ardhi, na kuna jambo ambalo kwa miaka mitatu nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu. Juzi nilikuita uje unishikie ngazi, na kule juu hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Ukashika ngazi, nikapanda, nikashuka, nikakuambia habari za mvua. Kwa hiyo naandika.

Mambo ya blanketi, ndoo, kufuli la sanduku na kanisa la karibu na chuo mama yako ameshayamaliza, na kama hajayamaliza atayamalizia kesho stendi mbele ya watu. Mimi sina la kuongeza hapo. Langu ni moja, na halikai vizuri popote ninapoliweka.

Jumatano, mama yako alipokuwa akikunja nguo zako, alikuta kadi yako ya kliniki kwenye mfuko wa ile suruali ya shule. Tarehe mbili za mwisho hazikuwa na muhuri. Mwaka mzima hujaenda kupimwa ini. Alikuuliza, nami nilikuwa nje ya mlango navaa viatu. Nilikusikia ukimjibu polepole, "Mathe, wacha tu. Nikifika pale naangaliwa vibaya. Hii kitu nilijitakia."

Nilifunga kamba za viatu mara mbili. Neno hilo si lako, Simiyu. Ni langu, nilikupa mimi, na sasa nakuona unalifungasha pamoja na mashati yako.

Acha nianze mahali pake. Unamjua Fundi Kamau, lakini humjui nilivyomjua mimi. Kabla ya kuchora watu alikuwa akichora mabango. Vile vichwa vinne kwenye ukuta wa duka langu la kinyozi, yule mwenye denge, yule mwenye panki na wale wengine wawili, ni mkono wake. Alivichora kwa siku moja, bila rula, akipiga mluzi. Mashine za kuchapisha mabango zilipoingia mjini kazi ikamkauka. Siku moja akaja na kitu alichokiunda mwenyewe kwa mota ya redio kuukuu, mrija wa biro na sindano, akaniomba ile kona ya nyuma, penye kiti kilichovunjika mguu. Nikampa. Nilimpenda Kamau, na sikuona ubaya. Nyanya yangu, Kukhu, alikuwa na chale usoni, safu mbili nzuri, na katika maisha yangu sijamwona mtu aliyemcha Mungu kuliko yeye. Kwa hiyo mchungaji alipohubiri juu ya tatuu nilikuwa nikisinzia kwa amani kabisa.

Tatuu yenyewe haijawahi kunisumbua, hata yako. Simba wako ni mzuri, japo usaha ulimla sikio moja na sasa anafanana na paka wa sokoni aliyepigana.

Sasa, Kamau alikuwa mtu mwangalifu. Wiki ile ya kwanza aliniuliza mbele ya wateja, "Baba Simiyu, hizi sindano nataka nikuwe nazichemsha. Uko na jiko hapa?"

Nikacheka. Nikamwonyesha kile kisanduku cheupe cha kuulia vijidudu kilicho juu ya rafu, kile chenye mlango wa kioo na taa ya buluu ndani. Nikamwambia, "Kuchemsha ni ya nini na iko sterilaiza? Weka hapo dakika kumi. Hiyo ni mashine ya hospitali." Wateja wakatikisa vichwa. Mmoja akasema ndiyo maana yeye hanyoi kwingine.

Simiyu, ndani ya kile kisanduku hapakuwa na kitu ila balbu. Hilo ndilo ninalokuandikia. Kila kinyozi lazima awe nacho, watu wa afya wakija wanakitafuta kwa macho kabla hata hawajakusalimia, nami nilikinunua kikiwa kizima. Taa yake ya kweli iliungua mwaka wa pili. Nilipouliza bei ya nyingine nikaona ni upuuzi. Nikaenda kwa duka la vifaa vya umeme, nikachukua balbu ya rangi, zile za kupamba baa, nikaifunga mwenyewe. Ikawaka vizuri, buluu kuliko ile ya kwanza. Wateja walipenda kuiona. Nyembe nilikuwa nabadilisha, mashine za kunyolea nilikuwa nazipangusa kwa spiriti, kwa hiyo nilijiambia kisanduku ni pambo tu, kama kalenda.

Lakini nilikuwa nimesema "mashine ya hospitali" kwa miaka minne. Uongo ukikaa muda huo unazoea nyumba, unajua hata kiti chake. Kamau aliponiuliza habari ya jiko ningeweza kumnong'oneza jioni tukifagia: ndugu, chemsha, au bora zaidi nunua mpya kila mara, ile taa ni balbu tu. Sikumnong'oneza. Niliona haya. Wateja watatu walikuwa wamenisikia na nisingeweza kujirudi. Baada ya siku ile haikuwezekana tena, kwa sababu kila siku aliyoitumia ilikuwa imeongeza kosa langu.

Unakumbuka vijana walivyoanza kuja. Wa sekondari, wa bodaboda, wasichana wawili wa ile ploti wanakouza maji. Nilimwambia Kamau asichore mtu wa shule, naye alikubali. Kisha likizo ya Agosti, nikiwa Kimilili kumzika mjomba, ukaenda ukamwambia, "Baba amekubali." Hapo ulidanganya, na hilo kosa ni lako. Nalitaja ili ujue sikufanyi mtakatifu. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ni uongo wa ukubwa wa kawaida wa mtu wa miaka kumi na sita.

Mkono ukavimba. Ukauficha ndani ya sweta wiki nzima, jua likiwaka, mama yako akidhani una baridi, kisha akagundua akakuosha kwa maji ya chumvi bila kuniambia. Nilipojua nilipiga kelele. Niliongea juu ya jina langu, shule, kanisa, na watu wa Pioneer watasema nini. Hata sikuomba kuuona mkono. Mpaka leo najiuliza, kama ningenyamaza nikasema tu leta tuone, je, siku nyingine ungeumwa ungekuja kwangu? Baba akipigia kelele kidonda, mtoto hujifunza kununua sweta.

Kidonda kikapona. Miezi mitatu ikapita. Ukaanza kuchoka, chakula hukitaki. Nikakununulia dawa ya malaria, nikakununulia ya taifodi, kama sisi sote tunavyofanya. Jumamosi moja ukaja nikunyoe. Nikakukalisha, nikakufunga shuka shingoni, nikainua kichwa chako, na kwenye kioo nikaona macho yako ni ya njano. Miaka ishirini nimetazama watu kwenye kile kioo. Nimewajua waliolia na waliolala nje. Sijawahi kuogopa uso kama nilivyoogopa wako siku ile. Nilimaliza kukunyoa kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye kitu gani kingine.

Hospitalini walipima damu, wakasema homa ya ini, ile B. Daktari, yule mama mpole mwenye miwani, akaniulizia kadi yako ya chanjo ya utotoni. Tulikuwa tumehama kutoka Chepsaita ukiwa mchanga na sindano zako za mwisho hatukuzimalizia. Hilo nalo ni letu. Kisha akauona mkono wako. Akasema, "Mzee, sindano ya tatuu ni ya mtu mmoja, mara moja, inatupwa. Na wino pia, kila mtu na kikombe chake. Sindano iliingia kwa mwingine, hata ukiipangusa, iko na damu hujaona." Akasema pia kwamba hakuna anayeweza kuapa ilitoka wapi, na kwamba wengi wa umri wako miili yao huishinda ndani ya miezi sita.

Mwili wako haukuishinda. Ulikuwa kwenye wale wachache.

Lakini naruka. Nataka kurudi kwenye benchi la nje, siku ile ya kwanza, kabla hatujaitwa mara ya pili. Ulikuwa umeegemea ukuta. Ukaniambia, "Lakini Mzee, si ile sindano ilitoka kwa box yako? Fundi aliiweka mbele yangu. Nilingoja dakika kumi. Nilihesabu."

Ulihesabu, Simiyu. Ulikuwa umedanganya ili uchorwe, sawa, lakini ulipofika pale ulifanya kama baba yako alivyosema ndiyo usafi. Uliniamini dakika kumi nzima, ukiitazama balbu ya baa.

Na mimi nikakujibu, "Umejitakia."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua jibu. Kama nisingelijua labda ningekukumbatia. Nimekuwa nikijiambia kwamba ilikuwa hasira, na kila mzazi hukasirika. Haikuwa hasira. Ilikuwa hofu ya kujulikana, na nilikutupia wewe mgonjwa uibebe.

Siku iliyofuata nilimfukuza Kamau mbele ya duka. Watu walijaa. Nilisema amemuua mtoto wangu kwa uchafu wake. Kamau alikunja kitambaa chake, akachukua mashine yake, akasema, "Nisamehe, Baba Simiyu. Ni mkono wangu." Akajitwika lote. Angeweza kusema mbele ya wale watu, nilikuuliza juu ya jiko ukanionyesha kisanduku. Nilikuwa nangoja aseme, na aliponyamaza nikashukuru. Nakuandikia hili kwa aibu. Nilishukuru.

Na kisanduku? Nilikiacha pale pale rafuni. Mpaka Jumatano hii kilikuwa kinawaka.

Wanasema kinyozi hajinyoi, na mimi peke yangu nisingefika hapa. Ni mama yako. Jumatano ile, baada ya ile kadi, alinikuta nimekaa dukani bila mteja, akaniuliza, "Baba Simiyu, wewe na huyu mtoto mko na nini?" Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alisimama akachomoa waya wa kile kisanduku ukutani, akaondoka nacho nyumbani akikikumbatia kama kuku. Tangu siku ile chakula ananipa, lakini hanitazami. Anangoja nikuambie.

Alhamisi nilikwenda Moiben kumtafuta Kamau. Nilimkuta amepanda juu ya pipa, anachora ng'ombe wa maziwa kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo. Amezeeka kidogo. Aliponiona alishuka, akapangusa mkono, akanipa. Nikamwambia ile taa ilikuwa balbu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa.

Akasema, "Nilijua. Si siku hiyo. Nilijua baadaye, nilipokaa nikafikiria." Kisha akasema, "Lakini na mimi ningeweza kukuuliza tena. Nilitaka kuamini, juu sindano mpya ni shida kupata. Kwa hivyo tuko wawili."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile nilipomfukuza. Akanijibu, "Mtoto wako alikuwa mgonjwa. Ungebaki na nini?"

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, nalo ndilo lililoninyima usingizi tangu Alhamisi. Kila aliyemchora alikuwa amemwandikia jina kwenye daftari lake la michoro, kando ya picha yake. Baada ya mimi kumfukuza alishika lile daftari akaenda nyumba kwa nyumba, vijana tisa, akawaambia wazazi wao, mpelekeni huyu apimwe, sindano yangu haikuwa safi. Baba mmoja alimzaba kofi. Mama mmoja alimmwagia maji ya vyombo. Akaenda kote. Wanane hawakuwa nayo, na walimaliza chanjo zao. Mmoja alikuwa nayo, yule kijana aliyechorwa asubuhi ya siku ile ile yako. Inawezekana alizaliwa nayo na hakuwa anajua. Sasa anajua, na anatibiwa.

Mimi niliwajua wale vijana wote. Wengine niliendelea kuwanyoa. Niliwauliza habari za shule, nikawapaka poda shingoni, na sikuwahi kuwaambia neno. Mchafu niliyemfukuza ndiye aliyewapeleka hospitali.

Jumamosi asubuhi niliwaambia wateja. Sikuhubiri, nilisema tu kwamba kisanduku kilikuwa uongo, miaka saba, na kwamba sasa nimeagiza cha kweli, na mpaka kije nitafanya kazi kwa vifaa ninavyoweza kusafisha kama daktari alivyonielekeza. Wawili waliondoka. Mzee Barasa, muuza vitumbua wa jirani, akasema, "Wekesa, hata kisanduku changu cha kioo taa yake haiwaki, na mimi ni wa vitumbua." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini baadaye nilikwenda nyuma nikalia kidogo. Usimwambie mama yako. Amekasirika vya kutosha bila kunihurumia.

Sasa wewe. Kule chuoni watauona mkono wako kwenye bomba la maji, na kwa kuwa ni vijana watataka simba wa kwao. Sikuambii uwakataze. Mtu wa miaka kumi na tisa akikatazwa huenda usiku. Ukitaka kuwasimulia, wasimulie. Wakikuuliza mahali ni pasafi kiasi gani, waambie wasiamini taa, waone pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yao. Ukinyamaza pia ni haki yako, ni mwili wako na habari ni yako.

Siku utakapompenda mtu, mwambie mapema. Najua namna utakavyotaka kungoja, wewe ni damu yangu. Utasema wacha kwanza anizoee. Chanjo ipo, na ukimwambia mapema atachanjwa na mtaishi. Usiniige hapo. Mimi nilingoja siku nzuri ya kusema, na kila siku ikaniambia ya kesho ni nzuri zaidi.

Na ile kliniki. Nimeongea na yule daktari mwenye miwani Ijumaa alasiri. Ameandika barua ya kukuhamishia hospitali ya kule, iko kwenye bahasha hii, nyuma ya karatasi hizi. Akasema mwaka mmoja wa kukosa si mwisho wa dunia ila usiwe miwili. Akasema wengi walio na hii kitu wanazeeka nayo, mradi mtu anaitazama, na ikianza kusumbua ini kuna dawa. Akaniuliza kwa nini uliacha kuja. Nikamwambia ni mimi. Alinitazama juu ya miwani, akanikabidhi barua.

Sijui utanifikiriaje ukimaliza kusoma. Nimeandika juu ya bahasha uisome ukiwa safarini, si hapa, kwa sababu mimi ni mwoga na sitaki kuuona uso wako ukibadilika. Ukitaka kunipigia simu unitukane, piga, nitashika. Ukitaka kunyamaza mwezi, nyamaza. Mama yako nitamwambia nimeandika na atakuwa ananipa habari zako, kama atakuwa amenisamehe kufikia hapo.

Ninachokuomba si msamaha. Ule ukija, utakuja wenyewe. Nakuomba siku utakapokaa kwenye benchi la kule, kati ya watu wasiokujua, na yule wa dirishani akuulize ulipataje ugonjwa huu, usijibu kwamba ulijitakia. Mwambie ulimwamini baba yako. Kisha nyoosha mkono watoe damu.

Ni mimi baba yako,
Wekesa